Msikianike Kisanduku

Dafroza huuza dagaa Mwigobero, Musoma. Kila asubuhi huwaanika juani huku akipiga soga na wenzake. Wiki hiyo soga ilimshinda. Ndege ndogo iliyorushwa na mdogo wake, Jastin, ilikuwa imeanguka ziwani, na Jastin alikuwa ameshazikwa. Wavuvi waliiona ikipinda ghafla kabla ya kuanguka. Basi watu wakaanza kunong'ona kwamba rubani alikuwa amelewa.

"Jastin alikuwaga hanywi," Dafroza aliwaambia. Nani amsikilize? Maneno yale yalimchoma kuliko msiba wenyewe.

Siku ya tisa baada ya ajali, wavu wa mumewe, Masatu, ulinasa kisanduku kizito cha chuma, chenye rangi ya chungwa. Dafroza akakifuta tope, akakianika kando ya dagaa. Kilicholowa huanikwa, ndivyo walivyozoea.

Jirani yao, mzee Keraryo, aliwahi kuwa fundi wa ndege. Alipokiona alikuja akihema.

"Mama Robi," alimwambia Dafroza, "kirudishe majini upesi."

"Si kitaoza, mzee?"

"Kikikauka ndiyo kinaharibika. Hewa ikiingia, kutu inakula vya ndani. Kiweke kwenye ndoo ya maji safi, ufunike. Msikifungue. Tuwaite polisi."

Akawaeleza kwamba hicho ni kinasa cha ndege. Watu hukiita kisanduku cheusi, lakini hupakwa rangi kali ili kionekane. Hunasa sauti za marubani, kimo, mwendo na hali ya injini. Wachunguzi hulinganisha hayo na mabaki ya ndege, ndipo wajue chanzo cha ajali.

Dafroza alikitia upesi kwenye ndoo ya maji. "Kimekaa juani karibu saa nzima. Kama nimeiua sauti yake je?"

"Hilo silijui, mwanangu," Keraryo alisema. "Tusubiri."

Polisi walikichukua ndani ya ndoo yake. Subira huvuta heri, lakini ile ilimkondesha Dafroza miezi saba.

Mwishowe mchunguzi alifika nyumbani kwao. Kinasa kilisomeka. Bomba la mafuta lilipasuka, injini ikazima. Ndege nyingine za aina hiyo zilikaguliwa, na mbili zilikutwa na ufa uleule. Zikatengenezwa.

"Na ile kupinda?" Dafroza aliuliza kwa woga.

Mchunguzi akawasomea maneno ya mwisho ya Jastin: "Mbele kuna mitumbwi. Nakata kulia."

Dafroza alilia kwa sauti. Masatu akainamisha kichwa.

"Ni sisi," alisema. "Mtumbwi wa mbele ulikuwa wangu."

Kisha akavaa viatu, akaenda Mwigobero kuwaambia wenzake.