Malkia Sita

"Nyuki wako wamemuuma mwanangu jichoni, nawe unaniambia ni hasira za kurithi?"

Mama Pacha alishika kiuno. Jirani yake, mfuga nyuki, akakuna kichwa.

"Siwafundishi, jirani. Wamezaliwa hivyo."

"Na wewe umezaliwa bila aibu."

Nje ya uzio, msoma mita za maji aliandika namba za uongo.

Hakuwa msoma mita. Katika idara ya usalama walimwita Nge. Kiunoni bastola ya Beretta, sikioni kidude cha mawasiliano, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Unamwona?" Sauti ya Mkubwa.

"Namwona."

"Malkia sita wa nyuki wameibwa maabarani. Kila mmoja huzaa kundi zima linaloua bila kuchokozwa. Mnunuzi anakuja kuwachukua leo; akivuka nao mpaka, watarudi kwetu kwa maelfu, sokoni na shuleni."

"Nimeelewa."

"Mwizi ni huyo mfuga nyuki, kaka yako, Nge. Nyuki humfia dada yake kwa sababu ya damu. Wewe je?"

Nge akaandika namba nyingine ya uongo.

Land Cruiser nyeupe ikasimama. Akashuka mwanamume wa suti, anatafuna ndizi mbivu.

"Mimi mtaalamu wa nyuki," akamwambia kaka. "Nimefuata malkia wangu."

Ndizi.

Nge akaacha kuandika. Alikuwa na miaka saba kaka alipomfundisha: ndizi mbivu hailiwi karibu na mzinga. Nyuki mlinzi akiita wenzake vitani, hunukia hivyohivyo.

Kaka naye aliiona. Akarudisha nyuma kisanduku cha malkia.

"Mtaalamu, na ndizi? Wewe si mtu wa nyuki."

Mnunuzi akachomoa bastola.

"Lete."

Kaka akapiga mzinga teke.

Wingu jeusi likamwagika, moja kwa moja kwenye mkono wenye ndizi. Mama Pacha akawazoa watoto, akabamiza mlango. Mnunuzi akapiga yowe, bastola ikaanguka. Nge akaruka uzio.

Goti mgongoni. Pingu.

Gari la idara likambeba mnunuzi.

"Mkubwa, malkia wote sita wapo."

"Na kaka yako?"

Kaka alikuwa ameshanyoosha mikono, uso umevimba.

"Mnunuzi aliniambia kwa simu ni malkia wa asali nyingi, mdogo wangu. Lakini kuiba niliiba. Funga."

Nge akatoa pingu nyingine. Akafunga.

"Namleta," akasema.

"Gari la pili liko njiani."

Mlango ukafunguliwa. Mama Pacha, mwiko mkononi, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mwanya huohuo. Hata kununa mnanuna sawasawa. Tangu asubuhi nilijua wewe si wa maji."

"Mama, niko kazini."

"Na mimi nimepika. Huyu nitaendelea kumgombeza, lakini wa kufungwa afungwe ameshiba. Pingu hazizuii kunawa." Akasogea kando ya mlango kuwapisha. "Ingieni mkale."