Utepe Usiokatwa

Mimi ni mwana wa mfua fedha na mjukuu wa mfua fedha. Babu yangu aliitwa Mzee Mizani, kwa kuwa hakuna mteja aliyepata kurudi kwake akidai amepunjwa. Baba yangu alirithi nyundo yake na jina lake jema, nami nikavirithi vyote viwili bila doa. Sisemi haya kwa majivuno, bali ijulikane binti ninayemsimulia alitoka nyumba gani.

Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Hakuipenda karakana. Aliuza hereni, mikufu na mikoba katika soko la mtandaoni, akiwa sebuleni mwangu, simu mkononi. Kila kisanduku alikifunga kwa utepe wa bluu, kwa fundo nililomfundisha mimi. Fundo hilo la wafua fedha halifunguki ila kwa kukatwa, ili mwenye mali ajue kama mkono mwingine umetangulia.

Asubuhi moja alikwenda ofisi ya vifurushi, gauni lake la njano limenyooshwa vyema, akabanwa katikati ya umati. Kwenye kaunta alipokelewa na kijana mpeleka vifurushi, aliyevaa koti la kijivu na kubana kofia ya pikipiki kwapani.

"Dada, huu ni mzigo au bibi harusi? Mbona umepambwa hivi?"

"Kaka, kazi yako ni kubeba, si kukagua."

"Nisipokagua, nitajuaje kilichoingia moyoni?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye furushi kichwani akapaza sauti: "Mwanangu, mpe namba ya simu, na sisi tuhudumiwe!"

Akampa. Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Haloo, Binti Utepe."

"Kofia Ngumu! Umekula?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Basi leo usije kuomba chai hapa."

"Aa, mpenzi, chai haina ugomvi na sauti!"

Lakini soko lile lilijaa wauzaji kama siafu. Mjukuu wangu alishusha bei ili aonekane, akashusha tena, na bado duka likadorora. Siku moja alimlilia kijana kwenye simu: "Nafunga, mpenzi. Pengine sina mkono wa biashara."

Kesho yake oda zikaanza kuingia. Akaruka kwa furaha, akanikumbatia, akaimba.

Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, soko linakata ada, tangazo linakula lake, nauli inachukua yake, kisanduku na utepe vinadai vyao. Ukitoa vyote, unabaki na nini?"

"Babu, wateja wakizidi, faida itakuja yenyewe."

"Hasara ikizidishwa haizai faida."

"Hayo ni ya karakana, babu. Huku mambo ni mengine."

Hakuwa amepiga hesabu. Kila jozi ya hereni iliyotoka iliondoka na kipande cha mtaji wake. Hata hivyo, kwa kuwa oda ziliongezeka, aliamua kuagiza shehena kubwa. Ili ailipie, aliuza bangili ya dhahabu ya mama yake, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Sonara aliyeinunua aliiyeyusha siku hiyo hiyo.

Kisha kijana akaanguka na pikipiki, akaumia kifundo cha mguu. Mjukuu wangu akampelekea uji. Chumba kilikuwa finyu, na alipoinama kuweka chupa sakafuni, akaona visanduku vyake chini ya kitanda, vimepangwa, na utepe wa kila kimoja haujakatwa.

"Hii ni mizigo ya wateja wangu!"

Kijana akainamisha uso.

"Sema! Umeiba?"

"Fikiria utakavyo," akajibu.

Akatoka, akaenda moja kwa moja kumshitaki ofisini. Kijana akafukuzwa kazi bila kujitetea hata kwa neno moja.

Na oda zikakoma. Hakikuuzwa hata kipini. Ile shehena kubwa ikafika, ikajaa sebule hadi dirishani. Mjukuu wangu akarudi ofisini kuuliza wangapi wamelalamika kukosa mizigo. Msimamizi akakuna kidevu: "Hajaja hata mmoja, dada. Nami nimeshangaa. Wizi gani huu usio na mlalamishi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Akakaa juu ya mizigo ya watu.

Alimkuta kijana chumbani kwake akifunga begi.

"Ni wewe uliyenunua vyote?"

"Kwa majina ya dada zangu na jamaa zangu. Ulisema utafunga duka. Sikuweza kusikia ukilia."

"Kwa nini ulikubali kuitwa mwizi?"

"Ningesemaje? Kwamba hakuna aliyetaka hereni zako ila mimi?"

"Ungesema hivyo hivyo! Kila ulichonunua kilinitia hasara. Nami kwa kuamini oda zako niliuza bangili ya mama."

Kijana akaachia begi. "Bangili ile? Sikujua, mpenzi. Wallahi sikujua."

"Nami sikujua. Nikakuvunjia heshima mbele ya watu."

Walilia, kila mmoja upande wake wa kitanda. Mjukuu wangu alikwenda kumsafishia jina ofisini, na jina likasafika, lakini nafasi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Kijana alipata kazi ya ghala katika mji wa mbali. Kwenye stendi, kabla ya basi kuondoka, alimpa mjukuu wangu mkononi kisanduku kimoja na mkasi.

"Kata wewe."

Akakata. Akazivaa hereni, za kwanza kwake katika zote alizouza.

"Nikirudi, utanipokea?"

"Ukija na ukweli, mlango nitaufungua. Ukija na huruma, bakia huko huko."

Basi likaondoka. Hajarudi bado. Mjukuu wangu hereni zile hazivui, na mkono uliopaswa kuvaa bangili umebaki mtupu.

Nanyi vijana, wekeni simu chini mnisikilize. Kabla ya kushangilia mauzo, toeni gharama zote, hata ya utepe. Na mnayempenda mwambieni kweli angali na cha kuokoa. Siwaombi, nawaagiza.