Aliyejibu Kwanza

Simu ya Jamaldin ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukataliwa. Kila aliyeingia katika ile ofisi ya uwakala wa forodha, juu darini katika nyumba kongwe ya Ndia Kuu, alipata mtandao bila taabu, hata muuza kahawa aliyepanda kufuata vikombe vyake. Jamaldin, aliyeshinda Kilindini akihangaikia makontena ya watu, na aliyekuja pale kwa kisingizio cha karatasi ili amwone mchumba wake, alibaki akitazama simu ikitafuta tu.

"Shifa, kwani mtandao wako wanichukia?"

"Labda wakuonea wivu," Shifa akamjibu, akicheka. Arusi ilikuwa karibu, na biarusi mtarajiwa alikuwa akichekeshwa na lolote.

Angejua, kicheko kile angekimeza. Shifa ndiye aliyeuendesha mtandao wa ofisi. Seva yake, ile kompyuta inayogawa anwani kwa kompyuta nyingine zinapowashwa, aliiweka katika chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, ambamo zamani walikuwa wakikalishwa biarusi wa nyumba ile. Alikipendea ubaridi wake, basi.

Siku chache nyuma, umeme ulipokatika na kurudi, alikuwa chumbani humo akimfundisha kazi Joab, kijana wa bara aliyeajiriwa karibuni. Joab alikuwa ameinama chini ya meza, nyaya tele mikononi.

"Kompyuta ikiamka haijijui," Shifa alimwambia. "Haina anwani. Basi hupaza sauti kwa wote waliomo mtandaoni: nani atanipa? Seva yajibu: mimi, chukua hii. Kompyuta yasema: nimekubali. Hapo mambo yamekwisha, ishafungika naye."

"Na akijibu mwingine?"

"Hupokea jibu la kwanza kufika. Haina akili ya kuuliza ni nani."

Mji wa Kale hata mtoto mdogo anajua kwamba magharibi ikiingia huiti ovyo, na sauti usiyemwona mwenyewe huiitikii. Shifa alilelewa na mwalimu wa chuo cha Qurani, akayajua hayo kuliko wengi. Lakini mzaha ulikuwa umempanda. Adhana ya magharibi ikilia, akasimama katikati ya chumba, akainua mikono na kupaza sauti, "Nani atanipa?"

"Mimi," sauti ikajibu.

"Nimekubali!"

Joab akatoa kichwa chini ya meza. "Dada Shifa, mimi sijasema kitu."

"Nenda huko, nawe!" Akadhani anataniwa.

Kesho yake chumba cha ndani kilinuka udi, na hakuna aliyeufukiza. Watu wakasifu. Kisha simu ya Jamaldin ikakataliwa, kisha kompyuta zikaanza kupokea anwani ambazo seva ya Shifa haikuzitoa. Joab akasema kuna kifaa kingine kinachojibu kabla ya seva yao, wakakitafuta ofisi nzima, wakachomoa waya mmoja baada ya mwingine, wasikipate. Shifa akaufunga mtandao upokee majibu ya seva yake tu, ya mwingine yatupwe. Akalala kwa raha usiku ule.

Asubuhi majibu yakaja kwa jina la seva yake mwenyewe. Walikimbilia chumba cha ndani, wakaizima seva, Joab akaing'oa hata plagi ukutani akaishika mkononi, na bado nje kule kompyuta ziliendelea kuamka moja moja na kuuliza na kujibiwa, na ile feni ya seva isiyo na umeme ikaanza kuzunguka polepole, ikivuta pumzi na kuitoa, na kila ilipoitoa udi uliwajia usoni wenye joto, kama mtu aliyesogea karibu mno.

"Ashindwe kwa jina la Yesu," Joab alinong'ona.

Mchana huo Jamaldin alipanda ngazi bila salamu, macho mekundu. Hakuwahi kumwendea Shifa hivyo.

"Nimekupigia simu, akapokea mwanamume."

"Simu yangu i hapa mezani, Jamaldin. Haikulia."

"Aniambia, 'Usimpigie mke wangu.' Mke wangu, Shifa! Na kwa utulivu, mtu asiye na wasiwasi." Akaisukuma simu yake mbele ya Shifa. "Kama una mtu, nambie leo. Niwaambie wazee wangu posa irudi."

Shifa alilia. Alimpenda Jamaldin tangu wakiwa chuoni kwa babake, na sasa alimwona akiondoka mbele ya macho yake kwa kosa ambalo hata hakuweza kulieleza. Ni Joab aliyelieleza, kwa sauti ya chini, mpaka lile neno "nimekubali". Jamaldin akakaa chini taratibu.

Alasiri aliletwa Mwalimu Abdulghafur, babake Shifa. Alikuja na kombe, aya alizoziandika sahanini kwa zafarani na kuziosha kwa maji, akamnywesha bintiye, akasoma hadi sauti ikamkauka. Harufu ikapungua, ikaisha.

"Ana wivu jini huyu," alisema palepale mlangoni mwa chumba cha ndani. "Hatoki kwa ubishi, hutoka akikosa kuitikiwa. Mwanangu, ukiitwa na usiyemwona, hata kwa sauti yangu mimi, usiitike mpaka akuite mara ya tatu. Wao hawaiti mara tatu. Kiburi hakiwaachi."

"Lakini Mwalimu," Joab akasema, "tulipoufunga mtandao, alijifunza kujibu kwa jina la seva yetu."

"Hicho chenu ni chuma tu, baba; mtu hadanganyiki hivyo."

Simu ya Jamaldin ikalia. Ilikuwa imepata mtandao. Wakacheka wote, na Jamaldin akamwomba Shifa radhi mbele ya watu.

Siku ya arusi, nyumba ya Mwalimu ilijaa wanawake, vyetezo kila pembe, moshi wa udi mzito hata mtu hawezi kusema upi ni upi. Shifa aliachwa peke yake chumbani, amefunikwa shela, akimsubiri babake aje na mashahidi kumuuliza kama ameridhia kuolewa, kabla ya kwenda msikitini. Akasikia hatua nje ya pazia.

"Mwanangu, umekubali?"

Ilikuwa sauti ya babake, na mkwaruzo wake wa kusoma sana, lakini Shifa alikumbuka, akaubana mdomo, akahesabu moyoni huku mikono ikimtoka jasho juu ya hina, na sauti ikauliza tena, kwa upole, bila haraka, na yeye akanyamaza tena, akimwonea huruma mzee wake kumsimamisha mlangoni, mpaka ikauliza mara ya tatu, na ndipo machozi ya furaha yakamlenga.

"Nimekubali, baba."

Zile hatua hazikuondoka.

Vigelegele vikapasuka chini ngazini. Pazia likafunguliwa, akaingia Mwalimu Abdulghafur akihema, mashahidi wawili nyuma yake.

"Niwie radhi, mwanangu, hizi ngazi zanishinda siku hizi. Masalkheri. Nimekuja kukuuliza. Nataka kukuoza Jamaldin. Wamridhia?"

Jamaldin. Ile sauti ya kwanza haikutaja jina la mtu. Shifa alifungua kinywa amjibu babake, na nyuma yake, palipokuwa na ukuta mtupu, mkono ukamtengenezea shela begani.