Baadi Ndani ya Mchoro

Binamu yangu Alio hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Ukimtajia majini, alikuuliza wanatumia laini gani. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mifugo hapa mjini Garissa, na asubuhi ile alikuwa na kazi ya kawaida kabisa: kuchora mashine zote za ofisi, pamoja na za matawi ya Sangailu na Kutulo. Wakubwa walitaka kujua ipi imeungwa na ipi, ili moja ikifa wajue zipi zitakufa nayo.

Alipita chumba hadi chumba akifuata waya kwa mkono. Kisha programu ikamalizia mchoro. Mistari myeusi ilionyesha waya, ya buluu ikaonyesha mashine zinazozungumza kwa mbali. Katikati palikuwa na mashine asiyoijua. Haikuwa na mstari mweusi hata mmoja, lakini ya buluu yote ilipitia kwake.

Aliitafuta mpaka juu ya dari. Hakuna kitu. Akazima mashine zote isipokuwa yake. Ile ikabaki inawaka mchoroni.

Arbia, karani aliyekaa naye chumba kimoja pale ofisini, alisogeza kiti nyuma.

"Hiyo ni baadi, walaal," alinong'ona. "Mnyama ya kupotea, imeingia kwa zizi yako. Mpe maji, uliza watu. Lakini alama yako usiweke."

Kila mfugaji wa huku anajua hilo. Ngamia mgeni akijiunga na kundi lako, humchomi alama ya ukoo wako. Ukimchoma, umekubali kila kinachomfuata. Alio alilijua hilo tangu utotoni, sawa na mimi. Ila programu ilikataa kufunga kazi bila jina la mwenye mashine, na bosi alikuwa anapiga simu. Akaandika jina lake. Halafu, kwa mzaha wake ule ule, akabandika na alama ya ngamia wetu kando yake.

Kesho yake mstari wa buluu ulitoka kwenye mashine ile hadi simu yake. Kesho kutwa, hadi simu ya mkewe, Kaltuma. Kisha ukatokea mstari mweusi, wa waya, ulioishia kwenye jina la Ifrah.

Ifrah ni binti yao. Alikuwa chekechea. Hakuwa na simu.

Alio alijaribu kuifuta mashine ile. Programu ikamjibu kwamba ina wanaoitegemea, haifutiki. Akajaribu kuondoa jina lake. Jibu lile lile.

Adhuhuri moja stima ikapotea. Mimi nachomelea vyuma hapa Galbet, mlango wa pili na wao, na nilikuwa naitukana stima kwa lugha zote ninazozijua niliposikia Kaltuma akiniita. Ifrah alikuwa ameanguka karibu na jiko. Hapumui. Nilimbeba, kichwa kikaning'inia. Kisha stima ikarudi, feni ikazunguka, na mtoto akavuta pumzi. Akaomba uji.

Alio aliponisimulia habari ya mchoro, nilimcheka. Ilipotokea tena sikucheka. Akahamia ofisini na madumu ya dizeli. Stima ikienda, anawasha jenereta, na Kaltuma anapiga simu kusema Ifrah ameamka.

Halafu mji mzima ukakosa stima tangu asubuhi, na jenereta ikagoma. Tulivuta kamba yake mpaka viganja vikachubuka. Haikuwaka. Ifrah tulimkimbiza hospitalini; daktari alimpima, akasubiri, akapima tena. Akamfunika uso. Mwili ulikuwa baridi.

"Adeer, nakuomba," Alio alinong'ona. "Tungoje stima tu."

Adeer Sugow, ndugu mkubwa wa baba zetu, alimshika bega. Alikuwa analia.

"Maiti hangoji stima, mwanangu. Usitese mtoto."

Hakuna aliyebisha. Kwetu maiti huzikwa upesi, ndiyo heshima yake. Tulimzika kabla ya alasiri. Alio mwenyewe alishuka kaburini kumpokea.

Tulikuwa tunapangusa mikono. Ng'ambo ya ukuta, pampu ya kisima ikaanza kunguruma.

Stima imerudi.

Alio aligeuka. Alipiga magoti akaanza kuchimba kwa kucha. Wanaume wakamshika. "Subira, walaal," walimwambia. "Subira." Wakamburuta hadi nje ya lango.

Mimi nilikimbia ofisini. Arbia alikuwa mlangoni, hataki kuingia. Mchoro ulikuwa wazi. Kitu kikipita ndani ya waya, programu huonyesha vidoti vinavyotembea. Kwenye mstari wa Ifrah vilikuwa vinapita. Haraka. Haraka sana.

Nilichukua sepetu dukani kwangu, nikarudi makaburini. Safari hii hakuna aliyenizuia, hata Adeer Sugow. Tulifukua mimi na Alio. Sanda ilikuwa imefungwa vile vile tulivyoifunga. Ndani hamkuwa na mtu.

Alio hajatoka tena ofisini. Amenunua jenereta nyingine, anakaa kando yake mchana kutwa, na hakuna anayethubutu kumwambia aizime. Ile sanda anayo Kaltuma. Anaifua, anaianika. Ananiambia stima ikikatika kitambaa hupoa kama maji ya mtungi, na ikirudi hunuka jasho la mtoto.