Kibao cha Bibi Hermine

Haya yalimpata rafiki yangu Ngolo, wa Majimoto, naye mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Jioni walipotoka kumzika Bibi Hermine, nesi mstaafu, Ngolo alirudi kumfungia nyumba. Ukutani kilining'inia kibao chake cha mti. Bibi alizaliwa Romania, kwenye kijiji cha Wajerumani waliohamia huko miaka mia nane iliyopita. Kwao, mtu akifa, kibao kilipeleka taarifa ya msiba mlango kwa mlango: unabisha, unampa jirani, naye anampelekea anayefuata. Kisha watu wakahama karibu wote. Mama yake alipofariki, Bibi alibaki nacho mkononi, akaja nacho huku.

"Sikuwa na jirani wa kumpa, mwanangu," alikuwa akisema.

Ngolo aliingiwa na huruma. Wazazi wake nao walihama Usukumani na ng'ombe, wakazikwa huku ugenini. Akakichukua kibao, akaenda nyumba ya jirani, kwa Masunga, iliyofungwa kufuli tangu wenyewe wahamie Rukwa na mifugo yao. Akabisha hivyo hivyo.

"Bibi Hermine ametutoka," akasema, akakiegemeza mlangoni.

Alikuwa amefika barabarani aliposikia mlango unabishwa nyuma yake. Akageuka. Kibao hakikuwepo.

Sauti ikaja tena, mbele kidogo, kwenye gofu la nyumba inayofuata. Ngo, ngo, ngo. Halafu mbali zaidi, polepole, kama mwendo wa bibi kizee, mpaka gizani katikati ya majaruba ya mpunga, ambako hakuna mlango hata mmoja.