Kitalu cha Nyanya Hakikulogwa

Maneno yalinifuata mpaka kisimani: "Bertilla alilifunga lile shamba kwa dawa kabla hamjapewa." Sikutaka kuyaamini. Lakini kila nikishika jembe, yananirudia.

Ni kweli, tulipohamia kijiji cha ujamaa tuligawiwa kipande alichokuwa akilima jirani yetu Bertilla. Miaka miwili mfululizo miche yetu ya nyanya ilioza shinani, ikaanguka. Mbegu ikabaki kopo moja. Ikiisha hiyo, hatuna nyingine.

Kulsumu, bibi shamba wetu, alicheka. "Mama Agnesi, anayekuloga ni ukungu ulio kwenye udongo. Uunguze kwa jua. Funika kitalu kwa nailoni inayopitisha mwanga."

Mume wangu Leonardi hakungoja amalize. Mwezi wa sita, baridi ya kung'ata, akainua ntumba, vile vilima vyetu vya kufukia majani, akavifunika. Udongo mkavu! Upepo ukawa unapigapiga nailoni siku nzima.

"Baba Agnesi, ndivyo alivyosema Kulsumu?"

"Mfipa gani analima bila ntumba? Unifundishe wewe?"

Baada ya wiki tatu tukasia nusu kopo. Miche ikaota, ikaanguka. Magugu ndiyo yakanenepa.

"Si nilisema ni Bertilla!" Leonardi akafoka.

"Bertilla ndiye aliyekukataza kumsikiliza Kulsumu mpaka mwisho?" nikamuuliza.

Mwezi wa tisa, jua kali, Kulsumu akarudi. "Shemeji, ntumba ni za mahindi. Hapa sawazisha kama sakafu, nailoni iguse udongo. Mwagilia kwanza, uloe mpaka chini. Udongo mkavu haushushi joto. Fukia kingo zote."

"Halafu?"

"Halafu uache! Wiki sita."

Siku ya kufunua, Leonardi akakamata jembe. Nikapiga kelele. Kulsumu akamnyang'anya. "Udongo wa chini haukuungua vizuri. Ukiupandisha, umeurudisha ugonjwa."

Tukakwaruza kwa vidole, tukasia nusu iliyobaki. Safari hii miche ilisimama. Magugu niling'oa machache tu. Leonardi alimpelekea Bertilla miche arobaini, ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Kumbe dawa yangu imeisha nguvu?" Bertilla akamuuliza.

Wewe unayesoma, usiharibu mbegu kama sisi:

Usifunike wakati wa baridi.
Usifunike udongo mkavu, wala wenye mabonge.
Usiinue ntumba kwenye kitalu.
Usiache kingo wazi, wala nailoni iliyotoboka.
Usifunue kabla ya wiki sita.
Usichimbe baada ya kufunua.
Usiingize jembe lenye udongo wa kwingine.
Usimsingizie jirani.