Nataka Mume, Sitaki Muuguzi

— Umeoga wapi?

Mumewe alikuwa hata hajavua kiatu cha pili. Alibaki mlangoni na mguu mmoja mtupu, akimtazama mkewe.

— Nimeoga kazini. Joto lilizidi.

— Joto! Miaka kumi na minne unasimama mbele ya tanuri la mikate, leo ndiyo umegundua kuna joto?

Mwanamke mwingine hapo angeshaanza kutafuta unywele kwenye kola ya shati. Huyu hakutafuta chochote. Aliweka bisibisi mezani, kando ya simu aliyokuwa ameifungua mgongo, akainuka, akamnusa mumewe shingoni. Hakukuwa na harufu ya hamira, wala siagi, wala mkate. Shingo ilikuwa hainuki kitu, kama sahani iliyosuuzwa.

Moyo ukamlipuka. Laiti ingekuwa mwanamke! Mwanamke huyo yeye angejua pa kumshikia.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, maana alitengeneza simu pale pale chumba cha mbele, na dirisha ndilo lilikuwa kaunta. Mumewe naye alimwita Fundi, nusu utani, nusu mahaba. Miaka minne nyuma Fundi aliugua saratani ya titi. Alipokuwa akiwekewa dripu, harufu ya mkate ilimtapisha hata ikiwa bado iko mlangoni, kwa hiyo mumewe akawa anaoga kazini kwa sabuni isiyonukia kabla ya kurudi nyumbani. Miezi minane hakukosa siku. Dawa zilipokwisha, sabuni ile ikatupwa, na mume akarudi kunuka mkate kama zamani.

Leo sabuni imerudi. Na waliojua kwamba saratani nayo imerudi ni Fundi na daktari wake, basi. Ndivyo alivyoamini.

— Nani kakwambia?

— Kaniambia nini?

— Usijifanye hamnazo. Nani?

Mumewe akavua kiatu cha pili taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

— Hospitali walipiga. Faili lako la zamani lina namba yangu. Nesi akasema, "Mwambie mgonjwa wako asikose Jumatatu, dripu inaanza."

Fundi alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Yeye anayewahamishia watu namba zao kutoka simu hadi simu, alikuwa amesahau kuondoa namba moja kwenye faili lake mwenyewe.

— Umejua siku ngapi?

— Nane.

— Siku nane unakula na mimi, unalala na mimi, na umefunga mdomo!

— Na wewe je? Umejua siku ngapi?

— Kumi na moja.

— Basi umenishinda.

Angemjibu jibu la kumchoma, lakini dirishani ukatokea mkono umeshika simu inayochuruzika maji.

— Fundi, samahani, hii imetumbukia kwenye ndoo...

— Izime! Iweke hapo, uje kesho.

— Nimekuja vibaya?

— Wewe hujakosea. Waliokosea wako ndani.

Mteja akaweka simu, akaondoka haraka.

Ndipo Fundi akaanza kuunganisha mambo. Jumamosi walibishana rangi ya ukuta, na mumewe, mtu anayebishana hata na redio, alikubali ndani ya dakika moja. Chai ambayo Fundi aliitia sukari mara mbili kwa kusahau, mumewe aliinywa yote na kusifia. Usiku Fundi alipomwegemea, mumewe alimpisha kama anayempisha mzee kwenye foleni. Fundi alidhani ni uchovu wa kazi. Kumbe uuguzi umeshaanza, yeye hana habari!

Akaufikia mkoba wa mumewe, akaufungua bila ruhusa. Ndani mlikuwa na shati chafu, sabuni ile, na daftari jipya. Akafungua ukurasa wa kwanza. Mistari ilikuwa imeshapigwa kwa rula: joto, maji, dawa, chakula, choo.

— Choo changu unakiandika tena?

— Daktari alisema mara ile kwamba daftari liliwasaidia sana.

— Nimekuuliza, choo changu unakiandika tena? Sijameza hata kidonge, wewe umeshapiga mistari!

— Fundi, tafadhali, usijichoshe...

— Usiniambie nisijichoshe! — Akalitupa daftari kwenye kochi. — Jumatatu siendi.

— Huendi wapi?

— Siendi. Mwambie nesi wako na faili lake.

Mumewe alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akafanya kile alichofanya kila aliposhindwa na mke wake: akampigia dada mkubwa wa Fundi, na ili mkewe asikie mwenyewe, akaweka spika.

— Shemeji, mdogo wako anasema Jumatatu haendi.

— Haendi wapi?

Mume akamtazama mke, mke akamtazama mume. Hakuna aliyekuwa amemwambia dada.

— Shemeji, haendi wapi? Mbona mnanyamaza? — Sauti ya dada ikapungua. — Imerudi?

— Imerudi, dada, — Fundi akasema. — Safari hii iko ubavuni, kwenye mfupa. Nilikuwa nakuja kukwambia.

— Ulikuwa unakuja lini? Nikishaambiwa na majirani? — Dada akavuta makamasi, kisha akapandisha sauti. — Sikiliza wewe. Kesho asubuhi niko hapo. Na hospitali utakwenda, hata kwa kubebwa mgongoni!

— Una mgongo wa kunibeba?

— Utajua kesho!

Akakata. Fundi akampa mumewe kisogo, akarudi mezani kwake. Mumewe akaenda jikoni. Sufuria zikaanza kugongana huko, na kwa jinsi zilivyogongana, hapakuwa na mtu anayepika.

Fundi alishika bisibisi, akaiacha. Alikuwa na maneno, ila aliogopa yakipitia mdomoni yatageuka kilio. Akachukua simu, akamwandikia mtu aliyekuwa hatua sita kutoka kwake.

"Mara ile vidole vilikufa ganzi mwaka mzima. Skrubu nilikuwa naishika na siisikii. Nilirudisha simu za watu nikidanganya kwamba spea hakuna. Unakumbuka, au hilo halikuwa na mstari kwenye daftari?"

Jikoni pakatulia.

"Nakumbuka," mumewe akajibu.

"Basi kumbuka na hili. Nilipopona nilikuta sina mume, nina muuguzi. Ulilala mkekani sebuleni ili usinitoneshe. Uliacha kuniita Fundi, ukaniita mgonjwa wangu. Ilinichukua mwaka kukurudisha. Sasa daktari kasema safari hii hawataimaliza, wataituliza tu, na dripu nitawekewa kwa muda wote itakapobidi. Haina mwisho wa kusema baada ya miezi minane tumemaliza. Kwa hiyo niambie, wewe utarudi lini?"

Akatuma kabla hajajionea haya. Kwenye kioo likatokea neno kwamba mumewe anaandika. Likapotea. Likatokea tena, likapotea. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo.

— Ulidhani nalala mkekani kwa raha zangu?

Fundi aligeuka. Siku nane hajaisikia sauti hiyo.

— Sijasema...

— Umesema! Umeandika kabisa! Mimi nilikuwa naogopa, wewe mwanamke! Kila nikikugusa unasema aa! Nikuguse wapi? Nikaona bora niandike. Nikiandika joto lako, mkono unapata kazi. Nikiacha kuandika nalia, na nikilia, wewe unayetapika ndiye utaanza kunibembeleza mimi. Sasa ulitaka nifanye nini? Nikae nikutazame?

— Ndiyo!

— Ndiyo nini?

— Ukae unitazame! Ulie ukitaka! Unikasirikie!

— Nimekasirika! — Akapiga meza, na kopo la skrubu likaruka, skrubu zikatawanyika sakafuni. — Tangu nesi apige simu nimeunguza trei tatu. Trei tatu, mimi! Miaka minne tumefanya kila walichotuambia. Kila kitu! Ulimeza, ulipimwa, ulikatwa. Halafu hiyo takataka inarudi, kama mtu aliyesahau mwavuli wake!

Hapo sauti ikamkatika. Akaegemea ukuta, akalia kwa kelele, pua na macho vyote vikimwagika, bila kujali dirisha lililokuwa wazi.

Fundi naye alilia. Alikuwa amechoka, amechoka hata kabla ya kuanza, na aliona uonevu mtupu. Lakini katikati ya uchungu huo alihisi kitu kikilegea kifuani. Mtu huyu mkali, mwenye makamasi, aliyemwaga skrubu zake bila kuomba radhi, Fundi alimfahamu. Ndiye aliyemuoa.

— Okota skrubu zangu, — akasema.

— Okota mwenyewe.

Wakaziokota wote wawili, wamepiga magoti, kichwa kwa kichwa. Zile ndogo kabisa Fundi alizinasa kwa ncha ya kidole, moja moja, na mumewe akamtazama vidole.

— Naviogopea, — Fundi akasema. — Vikifa ganzi tena, mimi ni nani hapo dirishani?

— Sijui.

— Hutaki kunidanganya kidogo?

— Umenikataza kuwa muuguzi. Tutamwuliza daktari kabla hawajakuchoma sindano. Asipokuwa na jibu, tutamkasirikia wote.

Fundi akavuta pumzi.

— Nitakwenda Jumatatu. Lakini daftari atashika dada.

— Dada yako! Kipimajoto chenyewe anakishika juu chini!

— Atafundishwa. Joto, dawa, choo, vyote vyake. Mwenyewe kasema anabeba.

— Na mimi?

— Wewe utalala kitandani kwako. Ukinitonesha, nitapiga kelele, utajisogeza, kisha utarudi. Na tukibishana, usinionee huruma.

— Na ukiwa unatapika?

— Nikitapika shika bakuli, hata mume anaweza kushika bakuli. Ila usiandike nimetapika mara ngapi.

Mumewe alifikiri. Lilimwuma, ilionekana usoni. Kuandika ndiko kulikuwa silaha yake, na sasa anapokonywa.

— Ni ngumu, — akasema.

— Najua. Na yangu si rahisi.

Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa chumba cha dripu, wote watatu. Viti vilikuwa vile vile vya miaka minne nyuma, na Fundi alivichukia vile vile. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vidole vikianza ganzi aseme siku hiyo hiyo, watapunguza dawa au kuibadilisha, lakini hakuahidi. Mume alibishana naye mpaka dada akamvuta shati.

Nesi akaja na fomu.

— Mwangalizi wa mgonjwa ndiye huyu? — Akamnyooshea kalamu mume. — Nakukumbuka wewe, baba! Wewe ndiye uliyekuwa na daftari zuri.

Mume akafungua mdomo. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuifuata ile kalamu. Fundi alimtazama, hakumsaidia hata kwa neno moja.

Mkono ukarudi mapajani.

— Mwangalizi ni shemeji yangu, — akasema. — Mpe yeye.

Dada akavaa miwani, akapokea fomu kwa majivuno kama aliyepandishwa cheo, akaanza kumuuliza nesi maswali mawili mawili.

Sindano ikaingia. Fundi akafumba macho. Dawa ilikuwa baridi mkononi, kama alivyoikumbuka, na zilikuwa zimebaki saa tatu za kuikalia. Mara ile mume alikuwa akihesabu matone, macho juu kwenye chupa, midomo ikicheza. Fundi alifumbua macho akitarajia kuliona lile shavu lililogeuzwa.

Alikuta anatazamwa.

— Nini?

— Nakaa, nakutazama. Si ndivyo ulivyosema?

— Inaudhi, — Fundi akasema, na machozi yakamtoka. — Yote haya. Inaudhi.

Hakumwambia atapona. Hakumwambia ajikaze. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakagongana, akaushika ule mkono usio na sindano, akaubana kuliko alivyothubutu kuubana miaka minne.

— Aa! — Fundi akasema.

Mume akalegeza kidogo. Hakuuachia.

— Inaudhi sana, Fundi, — akasema.